Laki Sita za Muziki wa Gari: Spika, Amplifaya au Fundi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma hili katika kipindi chetu cha kila wiki. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kusikiliza, na wale waliosikiliza wakaomba maandishi.)

Leo nataka tuzungumze habari za fedha. Sizungumzii fedha za bajeti ya serikali wala mikopo ya benki. Nazungumzia zile fedha ambazo mtu amezidunduliza, leo elfu tano, kesho elfu kumi, mpaka akafika mahali akasema: sasa na mimi nifunge muziki kwenye gari. Fedha hizo, kwa desturi, huwa hazitoshi. Sijapata kumwona mtu aliyekwenda Kariakoo kununua muziki wa gari akarudi nyumbani na chenji. Kwa hiyo swali huwa ni moja tu: hicho kidogo ulicho nacho ukigawe vipi kati ya spika, amplifaya na kazi ya fundi?

Aliyenileta kwenye mada hii ni msikilizaji wetu mmoja, kijana anayeendesha teksi hapa hapa Dar es Salaam. Gari lake ni Toyota IST, nalo ni la mkataba: kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na imebaki miezi saba gari liwe lake. Amejiwekea shilingi laki sita. Katika ujumbe wake anaeleza kwamba muuzaji mmoja amemshauri anunue sabufa kubwa pamoja na amplifaya iliyoandikwa wati 1,500, vyote kwa laki tano na nusu, halafu elfu hamsini iliyobaki inunue nyaya na kumlipa fundi. Spika za milangoni abaki nazo zile zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Anauliza kama ushauri huo unafaa.

Jibu langu la haraka ni kwamba haufai. Lakini jibu la haraka halimsaidii mtu asipojua sababu, maana kesho atakutana na muuzaji mwingine mwenye maneno matamu zaidi. Hebu basi twende polepole.

Ilikotoka redio ya gari

Redio ndani ya gari si jambo geni. Mwaka 1930, huko Chicago nchini Marekani, Paul Galvin na ndugu yake Joseph walitoa redio iliyoweza kufungwa kwenye magari ya kawaida, wakaipa jina la Motorola, jina ambalo baadaye kampuni yenyewe ililichukua. Tangu siku hizo mafundi walihangaika na adui yule yule wa leo: kelele za umeme zinazotoka kwenye injini ya gari lenyewe na kujipenyeza katika sauti. Nalitaja hili mapema ili tusije tukadhani kwamba kazi ya kufunga redio ya gari ni kubandika tu kifaa na kuunganisha waya mbili.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi redio ya gari ilikuwa ni ya kusikilizia Radio Tanzania Dar es Salaam, taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji. Mambo yalibadilika redio binafsi zilipoingia, Radio One ikianza mwaka 1994 na nyingine zikafuata, muziki wa FM ukajaa mjini. Ndipo wengi walipogundua kwamba spika zao hazikuwa na uwezo wa kutoa kile kilichokuwa hewani.

Kisha yakaja kwa wingi magari yaliyotumika Japani. Hapa pana jambo la kuangalia kabla hujagawa hata senti moja. Nchini Japani, FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye ikasogezwa hadi 95. Sisi stesheni zetu ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Ndiyo maana ukinunua gari lililoshuka bandarini juzi, redio yake inakamata stesheni chache tu, na fundi anakufungia kile kidude kidogo kwenye waya wa eriali ili kusogeza masafa. Kidude hicho kinafanya kazi, lakini mara nyingi hupunguza usafi wa stesheni. Sasa tafadhali shika kanuni hii: amplifaya haisafishi sauti, inaikuza tu. Ukiipa sauti yenye mikwaruzo, itakurudishia mikwaruzo mikubwa. Kama redio yenyewe ni mbovu, mgawo wako wote uanzie kwenye redio. Kama redio ni nzima, au unasikiliza nyimbo za kwenye simu kupitia redio hiyo bila shida, basi iache ilivyo tuendelee.

Kupokezana ndoo

Sauti ndani ya gari ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji kwenda kuzima moto. Redio inachota, amplifaya inapokea na kutia nguvu, spika inageuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, mlango unaishikilia spika isiyumbe, na mwisho wa safari ni sikio lako. Mmoja akiwa na ndoo iliyotoboka, hata wenzake wakiwa mabaunsa, maji hayafiki.

Katika mnyororo huo, spika ndiyo inayotofautiana zaidi, nzuri na mbaya. Amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri, zikichezwa kwa sauti ya wastani, ni vigumu msikilizaji wa kawaida kuzitofautisha. Lakini spika mbili tofauti, hata mtoto atakuambia hii ni nzuri na ile ni mbaya. Spika nyingi zinazotoka kiwandani na magari madogo zina karatasi nyepesi na sumaku ndogo, kwa sababu mtengenezaji naye alikuwa na bajeti yake. Ukiongeza miaka 15 ya jua, vumbi na maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo cha mlango, utaelewa kwa nini sauti ya mwimbaji inatoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi.

Kuna namba moja kwenye sanduku la spika ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ndiyo yenye faida kwa mtu mwenye fedha kidogo. Ni wepesi wa spika kuitikia, unaopimwa kwa desibeli: spika inapewa wati 1, kipimo kinawekwa umbali wa mita 1, inaangaliwa sauti imefika desibeli ngapi. Moja itaandikwa 88, nyingine 91. Utasema tofauti ya 3 ni ndogo. La hasha! Katika hesabu ya desibeli, kuongeza 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya umeme mara mbili. Maana yake ni kwamba spika ya 91 ukiipa wati 20 italia kwa nguvu sawa na ile ya 88 iliyopewa wati 40. Aliyechagua spika vizuri amepata amplifaya ya ziada bila kuilipia.

Na kwa sikio la binadamu, ili sauti ionekane imekua maradufu, inahitaji kuongezeka desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 ameongeza desibeli 3 tu. Ataisikia tofauti, lakini haitakuwa ile aliyoitarajia wakati anahesabu noti dukani.

Wati za kwenye sanduku

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii, kinachojitembeza ni namba ya wati. Utaona redio ya gari imeandikwa wati 50 mara 4. Hebu tupige hesabu. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 14. Spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Kwa kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, umeme huo hauwezi kutoa zaidi ya wati 25 hivi kwa kila spika bila sauti kukatika na kukwaruza. Kwa kweli redio nyingi hutoa kati ya 15 na 20. Hizo 50 ni za kufumba na kufumbua, wakati sauti imeshaharibika.

Amplifaya ya pembeni inaweza kupita hapo kwa sababu ndani yake kuna sehemu inayopandisha volti kabla ya kuzipeleka kwenye spika. Lakini nayo haiwezi kutoa isichopokea. Ukitaka kumpima muuzaji, geuza amplifaya uangalie fyuzi zake. Ikiwa imeandikwa wati 1,500 na ina fyuzi moja ya ampea 25, zidisha 25 kwa volti 14, utapata wati 350. Hizo ndizo zinazoweza kuingia bila fyuzi kukatika. Amplifaya za aina ya AB hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, kwa hiyo zinazotoka ni kama 175 hadi 200. Zile za aina ya D hupoteza kidogo, na kutoa zaidi ya 80 katika kila 100. Lakini 1,500 kamwe haziwezi kutoka. Kwa hesabu ya darasa la sita, umekwisha kumjua mkweli na mwongo.

Soma wati zenye herufi za RMS, ndizo wati za kudumu. Na ukibahatika kukuta amplifaya imeandikwa CEA-2006, ambayo siku hizi huandikwa CTA-2006, ujue imepimwa kwa kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 2003, ambacho hakiruhusu kuhesabu wati za sauti iliyoharibika. Amplifaya ya wati 50 za kweli kwa kila spika inatosha gari dogo na kubaki.

Msikilizaji atauliza: kama ni hivyo, amplifaya ya nini? Ina kazi yake. Redio yenye wati 15 ukiifungulia mpaka mwisho, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na sauti hiyo iliyokatwa hupeleka joto jingi kwenye twita mpaka zinaungua. Spika nyingi huuawa na nguvu ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake. Amplifaya nzuri inakupa nafasi ya kupumua. Ila tukumbuke kwamba ni ya kuongezea juu ya spika nzuri, nayo haiwezi kuziba pengo la spika mbovu.

Sehemu inayodharauliwa

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo karibu kila mtu huitupia makombo, yaani ufungaji. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa ajili ya mazungumzo haya nilizungukia mafundi kadhaa wa umeme wa magari, na karibu wote walinieleza malalamiko ya namna moja: mteja anafika na vifaa vya laki nyingi, kisha anabishana juu ya elfu kumi ya waya.

Tuanze na mlango. Spika inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo inavuta hewa nyuma. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana, hasa kwenye sauti nzito, zinauana. Mlango wa gari dogo ni bati jembamba lenye matundu makubwa, na mara nyingi ile karatasi ya nailoni iliyokuwa imeyafunika imekwisha kuchanika. Fundi anayejua kazi huziba matundu yale, hubandika vipande vya lami au mpira mzito kwenye bati ili lisitetemeke, huacha njia za maji chini ya mlango, na hukaza spika kwenye ringi ya plaiwudi iliyopakwa rangi isiozwe na maji. Kazi hiyo ikifanyika, utashangaa besi imetoka wapi, na hujanunua sabufa. Ikiachwa, spika ya gharama kubwa italia kama debe.

Kisha kuna mambo madogo ambayo hayagharimu chochote isipokuwa uangalifu. Spika mbili zikiungwa waya moja kinyume, hii inasukuma wakati ile inavuta, na besi inatoweka. Dawa yake ni betri ndogo ya tochi ya volti 1.5: gusa nyaya za spika kwa nukta moja, na karatasi za spika zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, geuza waya zake. Ukisikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta, hizo ni kelele za alteneta. Mara nyingi sababu ni waya wa hasi uliofungwa kwenye bati lenye rangi au kutu, au nyaya za sauti zilizolazwa pamoja na waya wa umeme. Hasi ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa likang'aa, kwa waya mfupi, na nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari na umeme upande mwingine.

Sasa moto. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Amplifaya ya wati 200 za kweli, ya aina ya AB, ikifunguliwa hadi mwisho huvuta karibu ampea 29. Mtu amekataa kununua waya unaofaa, fundi akamfungia waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kutoka kwenye betri. Waya huo utapoteza volti 1 nzima njiani, na kugeuza wati 29 hadi 30 kuwa joto chini ya zulia. Joto hilo likienea kwenye mita 5 pengine halitaleta maafa. Lakini kiungo kikilegea, waya umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu tu, joto hukusanyika mahali pamoja, na wati 30 ndizo za ile pasi ya kuchomea risasi.

La hatari zaidi ni waya unaotoka kwenye betri bila fyuzi. Unapita kwenye tundu la bati kati ya injini na chumba cha abiria. Bati lina makali, gari linatikisika kila siku kwenye mashimo yetu, ganda la waya linaliwa polepole. Siku shaba ikigusa bati, betri inaachilia mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya wote unakuwa kama wa jiko la umeme. Fyuzi iliyo ndani ya amplifaya haisaidii, kwa kuwa umeme haukufika huko. Inayosaidia ni fyuzi inayofungwa karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45, na mpira wa kuzuia waya usikatwe pale unapopita kwenye bati. Vitu hivi viwili ni vya bei ndogo kuliko chochote utakachonunua siku hiyo.

Na waya wenyewe uangaliwe. Madukani kuna nyaya nene zenye rangi za kupendeza ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Unaweza kuutumia, lakini ununue mnene zaidi, na usilipe bei ya shaba.

Mgawo wenyewe

Turudi kwa kijana wetu na laki sita zake. Bei za vifaa hubadilika, kwa hiyo sitataja bei ya kitu kimoja kimoja. Cha kushika ni mgawo. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, katika kila shilingi 10, mimi ningeweka 4 kwenye spika, 3 kwenye ufungaji na 3 kwenye amplifaya. Kwa laki sita, hiyo ni 240,000 za spika, 180,000 za nyaya, fyuzi, lami ya milango, plaiwudi na ujira wa fundi, na 180,000 za amplifaya.

Hizo 240,000 zinunue jozi moja ya mbele, isiwe jozi mbili za nusu bei. Tunasikiliza kwa kutazama mbele. Spika za nyuma kwenye gari dogo ni anasa inayoweza kungoja. Achague zenye desibeli 90 au zaidi, kisha ahakikishe dukani kuwa zinaingia kwenye milango ya gari lake bila kukata bati. Aende na wimbo anaoujua vizuri, wenye sauti ya mtu, aombe zichezwe. Sabufa inaweza kumdanganya mtu dukani, lakini sauti ya mwimbaji unayemfahamu haidanganyi.

Akikosa amplifaya ya kuaminika kwa 180,000, asinunue ya uongo. Afunge spika na kuziba milango, azichezeshe kwa redio aliyo nayo, na ile 180,000 aiweke mpaka iongezeke. Hiyo ndiyo siri ya mgawo huu: unaweza kuukamilisha kwa awamu. Spika na ufungaji vikitangulia, kila kitakachofuata kitajengwa juu ya msingi. Lakini ukitanguliza amplifaya na sabufa, huna pa kuziegemeza. Amplifaya iliyotumika si mbaya ukiisikia inalia na kuigusa isiwe inaunguza. Spika iliyotumika ndiyo ya kuiogopa, maana huwezi kujua imepigwa kiasi gani.

Mwenye fedha nyingi zaidi, mgawo wake hubadilika. Kwake sabufa na amplifaya huchukua sehemu kubwa, kwa sababu milango na nyaya akishazigharamia havihitaji kuongezwa tena. Na anayejua kwamba mwakani ataongeza sabufa, basi alaze waya mnene tangu leo, asilipe fundi mara mbili kwa kuinua zulia lile lile.

Sasa nimweleze kijana kwa nini ile sabufa kubwa haimfai hasa yeye. Kwanza, yeye ni dereva wa teksi. Sabufa itakaa kwenye buti, na buti ndiyo inayobeba masanduku ya abiria wa uwanja wa ndege na magunia ya mama anayetoka sokoni. Akikosa abiria wawili kwa siku kwa sababu ya sanduku la muziki, muziki huo umeanza kula hesabu ya tajiri. Pili, betri nyingi za magari madogo haya ni kama ampea-saa 35 hadi 45. Akiwa kijiweni, injini imezimwa, amplifaya inavuta ampea 20, nusu ya betri itakwisha ndani ya saa moja hivi, na abiria akija gari haliwaki.

Tatu, gari bado si lake. Kabla ya kugusa waya wowote, amweleze tajiri na apate ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi. Asikate bati, asitoboe dashibodi, na zile spika za zamani azitunze kwenye boksi pamoja na skrubu zake, ili mkataba ukivunjika kabla ya miezi saba aweze kuchomoa muziki wake na kurudisha gari lilivyokuwa. Amkumbushe pia fundi kwamba redio nyingine za Kijapani hujifunga betri ikitolewa, na huhitaji namba za siri au kadi yake kufunguka. Hilo liulizwe kabla, lisije likawa kesi baada. Na kama gari lina bima, aulize kampuni yake inasemaje kuhusu vifaa vya umeme vilivyoongezwa. Gari likiungua kwa waya wa elfu tano, tajiri atadai gari zima, na hesabu zote za miezi iliyopita zitakuwa zimeteketea pamoja nalo.

Na masikio nayo

Nimalizie na kifaa ambacho hakiuzwi Kariakoo, yaani sikio. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Dereva anayekaa kwenye gari saa 12 ana sababu zaidi ya yeyote ya kutaka sauti safi kuliko sauti kubwa. Spika nzuri ina neema hiyo: unaielewa ikiwa chini. Mara nyingi tunaongeza sauti kwa sababu maneno hayasikiki, na hayasikiki kwa sababu spika ni mbovu. Abiria naye ana simu ya kupokea, na pikipiki ikipiga honi nyuma yako ni lazima uisikie.

Ndugu msikilizaji, kwa muhtasari nasema hivi. Hakikisha redio inatoa sauti safi. Nunua jozi moja ya spika nzuri za mbele. Mlipe fundi vizuri na ubaki naye akifanya kazi, ukaione fyuzi karibu na betri kwa macho yako. Amplifaya ije ikiwa fedha zinaruhusu, na ipimwe kwa fyuzi yake, si kwa maandishi ya sanduku. Sabufa iwe ya mwisho. Na kila ulichotumia kiandike, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Muuzaji atakucheka akikuambia kwamba muziki bila sabufa si muziki. Mwache acheke. Yeye hatalipa hesabu ya jioni.

Mpaka wiki ijayo, siku kama ya leo na wakati kama huu, nakutakia safari njema. Kwaheri.